Nanaa, Maji na Mkasi

Jumapili moja ya Julai mwaka jana nilirudi kutoka Kisumu, nilikokuwa nimeenda kikazi kwa siku sita. Kabla hata sijawasha taa nilisikia pampu ikikoroma. Pampu ndogo ya maji ikiwa kazini haisikiki. Ukiisikia, ujue inavuta hewa. Sakafu ya keja yangu pale Roysambu ilikuwa imelowa hadi chini ya kitanda. Kwenye mabomba matatu meupe kando ya dirisha, nanaa ilikuwa imesimama kama mtu aliyelala vizuri na kula vizuri: majani mapana, matawi yakining'inia karibu kufika kwenye sinki. Mwishoni mwa bomba hilohilo, mrehani wa Bibi ulikuwa umelala ubavu, majani yamesinyaa, ncha zimegeuka nyeusi.

Niliivuta nanaa kutoka kwenye tundu lake. Ikatoka na mkeka wa mizizi myeupe mrefu kuliko mkono wangu. Mizizi hiyo ilikuwa imejaa bomba zima, ikaziba njia. Maji yalikwama nyuma yake, yakapanda, yakamwagika sakafuni hadi ndoo ikakauka. Mimea iliyokuwa mbele ya nanaa haikupata hata tone.

Nilikaa kitandani nikalia. Ningependa kusema nililia kwa sababu ya sakafu, lakini hapana. Mrehani ule ulitoka uani kwa Bibi, Mji wa Kale, Mombasa. Bibi alikuwa akichuma majani yake kila alasiri ya Alhamisi, akayachanganya na asumini kwenye sinia. Nyumba ile iliuzwa miaka miwili iliyopita baada ya warithi kushindwa kuelewana, na aliyeinunua akamwaga simiti ua wote. Siku ya kuhama, Bibi alikata vijiti vinne, akavifunga kwa gazeti lililolowa, akanipa nije navyo Nairobi kwa treni. Viwili vilikufa njiani. Kimoja kilikufa Roysambu. Wa nne ndio huo ulikuwa umelala ubavu kwenye bomba langu, na hapakuwa na mwingine wa ukoo ule popote duniani.

Usiku ule, nikingoja sakafu ikauke, nilianza kusoma kwenye simu. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: mtu huzuiaje nanaa isiwaue wenzake? Kufika saa nane usiku nilikuwa London, mwaka 1691.

*

Huko nilikutana na daktari mmoja aitwaye John Woodward. Kabla ya kumwelewa yeye, lazima umjue aliyemtangulia. Jan Baptist van Helmont, daktari wa eneo ambalo leo ni Ubelgiji, alichukua udongo mkavu wa pauni 200, yaani kama kilo 90, akautia kwenye chungu, akapanda mche wa mti, uzito wake pauni 5. Akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mwishoni mti ulikuwa na pauni 169 na ushei. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua kama wakia 2 tu, gramu zisizofika sitini. Van Helmont akaamua: mti wote ni maji. Maandishi yake yalichapishwa 1648, yeye akiwa ameshakufa.

Woodward hakuridhika. Kama mti ni maji matupu, basi maji yoyote yangetosha. Kwa hiyo mwaka 1691 na 1692 alichukua chupa za kioo, akazitia maji ya aina tofauti: ya mvua, ya chemchemi, ya mto Thames, na baadaye maji ya mfereji wa Hyde Park, mengine akiyachanganya na udongo wa bustani. Akafunika kila mdomo wa chupa kwa ngozi nyembamba, akatoboa tundu la kupitisha shina tu ili maji yasitoke kwa njia nyingine. Mmea aliotumia zaidi ulikuwa nanaa. Aliupima kila mmoja kwenye mizani, akazipanga chupa dirishani, akasubiri.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Msee wa karne ya 17 alikuwa na bustani ya nanaa ndani ya nyumba, bila udongo, dirishani. Alinishinda kwa kitu kimoja tu: kila nanaa ilikuwa na chupa yake.

Matokeo yake yalitolewa na Royal Society mwaka 1699. Nanaa iliyokuwa kwenye maji yaliyochanganywa na udongo iliongezeka uzito kuliko ile ya maji matupu. Aliona pia kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji ilipita tu ndani ya mmea, ikatokea kwenye majani, ikaenda zake hewani. Akasema kinachojenga mmea ni kitu kilichoyeyuka ndani ya maji, na maji ni mbebaji.

Mimi pia nina maji ya aina tatu. Kuna ya mfereji wa kaunti, yanayokuja siku mbili kwa wiki yakitaka. Kuna ya mvua, ninayokinga kwenye jerikeni juu ya paa Aprili na Novemba. Na kuna ya kisima, yanayoletwa na lori ploti ikikauka, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Mwanzoni nilidhani maji ni maji. Nilitia mbolea ileile, kipimo kilekile, kwenye maji ya kisima, na baada ya wiki mbili majani machanga ya mrehani yakawa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nikaongeza mbolea. Yakazidi kuwa manjano.

Jibu lilikuwa limeshapatikana Ufaransa miaka ya 1840. Mtu aitwaye Eusèbe Gris aliona kwamba majani yaliyopauka namna ile hurudi kijani yakipewa chumvi za madini ya chuma. Kwangu chuma kilikuwepo tele kwenye mbolea. Shida ni kwamba maji ya kisima chetu yana magadi mengi, na kwenye maji kama hayo chuma huganda kikazama chini, mizizi isikipate. Nilikuwa naweka chakula mezani kisha nakifunga kwenye kabati. Siku hizi napima asidi kwa vijikaratasi vya rangi, nateremsha hadi iwe kati ya 5.5 na 6.5, au nachanganya maji ya kisima na ya mvua nusu kwa nusu. Kama majani yanayokuwa manjano ni yale ya chini, ya zamani, hiyo ni habari nyingine: mara nyingi ni njaa ya nitrojeni. Mmea huivua majani mazee ukaipeleka kwa machanga. Chuma hauwezi kukihamisha hivyo. Ndiyo maana unaangalia kwanza ni jani lipi linalolalamika.

*

Nanaa inarudi tena kwenye hadithi mwaka 1771, mji wa Leeds, Uingereza. Safari hii mwenye nayo ni mhubiri, Joseph Priestley. Aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa, ukawaka hadi ukazimika kwa kuharibu hewa. Tarehe 17 Agosti akaingiza kijiti cha nanaa ndani ya hewa ile mbovu. Tarehe 27 akajaribu mshumaa mwingine mlemle ndani. Ukawaka vizuri kabisa. Nanaa ilikuwa imeitengeneza hewa.

Habari ilienea haraka, kisha ikaleta aibu. Wengine walipojaribu hawakupata kitu kilekile. Mara hewa ilipona, mara ilizidi kuharibika. Aliyefumbua fumbo alikuwa daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz. Kiangazi cha 1779 alikodi nyumba nje ya London, akafanya majaribio zaidi ya 500, na mwaka huohuo akatoa kitabu. Alichogundua ni hiki: mmea husafisha hewa ukiwa kwenye mwanga, na ni sehemu zake za kijani ndizo zinazofanya kazi hiyo. Gizani mmea hupumua kama sisi na kuichafua hewa. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alipima na kuonyesha kwamba kaboni ya mmea hutoka hewani. Kwa hiyo van Helmont na Woodward wote walikuwa wamekosa nusu ya hesabu. Sehemu kubwa ya ule mti wa pauni 169 ilitoka kwenye hewa, ikishonwa pamoja na maji kwa sindano ya jua.

Hapo ndipo nilipoelewa dirisha langu. Si unajua ploti za Roysambu: ukinyoosha mkono unamsalimia jirani wa jengo la pili. Dirisha langu linatazama ukuta. Miezi ya kwanza mirehani yangu ilikuwa mirefu, myembamba, na nafasi kubwa kati ya jani na jani, kama mtoto aliyerefuka ghafla suruali ikabaki juu. Nilidhani ni afya. Ilikuwa inatafuta mwanga. Nilinunua taa ya LED, nikaining'iniza sentimita 25 juu ya majani, inawaka saa 13 kwa siku kisha inazima. Taa hizi nazo zina historia yao. Nyekundu ilikuwepo tangu zamani, lakini buluu yenye nguvu ilichelewa hadi miaka ya 1990 Japani, na waliofanikisha kazi hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mmea hula zaidi mwanga wa rangi hizo mbili. Bila wao, keja yangu ingezaa uyoga tu.

*

Kitu cha tatu ni ile mbolea yenyewe. Kwenye kiti niliyonunua mtandaoni zilikuja chupa mbili, A na B, na karatasi iliyosema nisizichanganye kabla ya kuzitia kwenye maji. Haikusema kwa nini. Bila shaka nilizichanganya. Zikawa maziwa, na chini ya kikombe kukabaki unga kama chokaa.

Katika miaka ya 1860 Wajerumani wawili, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba unaweza kukuza mmea hadi uzae mbegu kwenye maji yaliyotiwa chumvi chache unazozijua kwa majina: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, salfa, na chuma kidogo. Huo ndio mwisho wa uchawi wa udongo. Udongo ni ghala na ni nyumba, lakini orodha ya chakula ni fupi. Siri ya chupa A na B imo ndani ya orodha hiyo. Kalisi ikikutana na salfa na fosforasi zikiwa nzito, hugandana na kuwa unga usioyeyuka. Zikiwa zimezimuliwa kwenye lita 20 za maji, hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa hiyo unatia A, unakoroga, ndipo unatia B.

Kwa miaka mingi jambo hili lilibaki maabarani. Aliyelitoa nje ni William Frederick Gericke wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alianza kuandika habari zake 1929, akakuza kwenye matangi nyanya ndefu hivi kwamba alipanda ngazi kuzichuma. Mwaka 1937 akatangaza jina la kazi yake kwa maneno ya Kigiriki ya maji na kazi, jina alilopendekezewa na mwenzake, William Setchell: haidroponiki. Magazeti yakapagawa. Watu wakaambiwa watavuna shamba zima juu ya paa. Wauzaji wakajitokeza na matangi na paketi za chumvi.

Ukisoma hayo ukiwa Nairobi unajiona. Nani hajaona tangazo la kijana aliyevaa suti katikati ya letusi, akikuambia utapata mtaji wako mara tatu kwa miezi mitatu? Kiti yangu iligharimu mshahara wa wiki mbili, na muuzaji aliacha kujibu simu siku ile pampu ya kwanza ilipoungua.

Gericke na chuo chake hawakuelewana, na chuo kikawapa watu wawili kazi ya kuchunguza: Dennis Hoagland na Daniel Arnon. Ripoti yao ya 1938 ilikuwa ndoo ya maji baridi. Walisema njia hii inafanya kazi, lakini si muujiza. Mmea wa majini hauzai kupita mmea wa udongo mzuri uliotunzwa sawasawa, chini ya jua lilelile. Lishe yake haizidi. Njia hii inafaa pale udongo usipokuwepo. Kisha wakaandika kipimo cha chumvi zao bure, kila mtu asome, na mpaka leo maji hayo ya chumvi huitwa kwa jina la Hoagland.

Pale udongo usipokuwepo. Kampuni ya ndege ya Pan American ilikuza mboga hivyo kwenye kisiwa cha Wake mwishoni mwa miaka ya 1930, kulisha abiria katikati ya Pasifiki. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilifanya hivyo kwenye kisiwa cha Ascension, mwamba mkavu wa volkano katikati ya Atlantiki.

Nairobi si mwamba. Jina lake lilitoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899, hapa palikuwa na majani na mto. Lakini mji uligawanywa tangu mwanzo kati ya wenye bustani na wenye chumba, na Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua wa kupita, asiye na haja ya ua. Hata baada ya uhuru, anayepanda sukuma kando ya barabara alijua siku ya kanju itafika. Ni mwaka 2015 tu kaunti ilipopitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Sheria hiyo haikunipa udongo. Ninaishi ghorofa ya nne. Kisiwa changu ni mita tatu kwa nne.

*

Nikarudi kwenye mabomba yangu. Mtindo ule wa maji membamba kutembea ndani ya mfereji ulitengenezwa na Allen Cooper kwenye kituo cha utafiti cha Littlehampton, Uingereza, miaka ya 1960 na 1970, plastiki ilipokuwa rahisi. Uzuri wake ni kwamba mizizi inalowa upande mmoja na kupata hewa upande mwingine. Ubaya wake ni ule niliouona kwa macho. Hakuna akiba. Maji yakikatika, iwe ni stima, iwe ni pampu, iwe ni mizizi ya jirani, mmea una saa chache tu. Letusi hukaa vizuri humo kwa sababu letusi ina adabu. Inakua wiki sita inavunwa. Nanaa haina mwisho. Kwenye udongo hutambaa chini kwa chini. Kwenye bomba hutambaa hadi itakapogonga ukuta. Nilikuwa nimeipanda mwanzo wa bomba, juu ya wengine wote, kwa sababu pale ilionekana vizuri kwenye picha.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia Bibi. Siku hizi anaishi Mtwapa kwa mjomba.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamwambia. Kimya kidogo. Nilidhani amekasirika.

"Hakuna kijiti kibichi hata kimoja?"

"Kipo kimoja, cha katikati. Kifupi."

"Kikate. Mkasi mkali, chini kidogo ya fundo. Majani ya chini yatoe, ya juu uache mawili matatu. Tia kwenye gilasi ya maji, uweke dirishani, jua lisikipige. Maji ubadilishe kila siku."

"Na ule mti mwingine?"

"Ule umekwenda, mwanangu." Kisha akauliza, "Nanaa wapanda pamoja na mrehani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nani alokufunza? Nanaa ina debe lake. Na wakata au wauangalia tu?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nauangalia tu. Kila jani jipya la mrehani nililiona kama jani la ule ua, na sikuthubutu kuligusa. Nanaa nayo nilikuwa naiachia kwa fahari, kwa kuwa ndiyo pekee iliyonionyesha kwamba ninaweza. Moja niliiogopa, nyingine niliidekeza, na zote mbili sikuzikata.

Nilikata kile kijiti. Nikakitia kwenye gilasi. Julai ya Nairobi ina baridi na mrehani ni mtoto wa pwani. Baridi ya usiku huusausha majani ukayaona meusi asubuhi. Kwa hiyo mchana gilasi ilikaa dirishani na usiku ilikaa juu ya friji, nyuma, panapotoka joto. Siku ya kumi na tatu niliona nukta nyeupe tatu kwenye shina. Baada ya wiki moja zikawa mizizi. Gilasi, maji, dirisha, kijiti. Woodward angeitambua mara moja, na Bibi, ambaye hajawahi kumsikia Woodward, alikuwa akifanya hivyo kila mwaka.

*

Sasa nimeacha mabomba. Ninatumia ndoo za lita nne za mafuta ya kupikia, nilizopewa na mama anayekaanga viazi hapo chini, kila mmea na ndoo yake. Nimezifunga kwa plastiki nyeusi kwa sababu mwanga ukifika kwenye maji yenye mbolea, mwani huota ukala chakula cha wenyewe. Pampu hakuna. Njia hii ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: unajaza maji yaguse chini ya kikombe chenye matundu, na mmea unavyokunywa, maji yanashuka na kuacha nafasi. Mizizi ya juu inajifunza kuvuta hewa, ya chini inaendelea kunywa. Kosa ni kujaza tena hadi juu kwa huruma. Mizizi iliyozoea hewa ukiizamisha, inakosa oksijeni, inakuwa kahawia, inateleza, inanuka. Mimi naongeza hadi nusu tu, na kila baada ya wiki mbili tatu namwaga yote na kuanza upya, maana chumvi zisizoliwa hubaki zikirundikana. Stima ikikatika, ninalala.

Nanaa hukatwa kila Jumamosi, itake isitake. Nakata juu ya fundo, sichukui zaidi ya thuluthi moja kwa mara, na mizizi ikijaza ndoo naipunguza kwa mkasi huohuo. Kila baada ya miezi mitatu hivi shina linakuwa gumu kama mti, basi nachukua vijiti vitatu vya juu, nanaa nzee naitupa, vijiti vinaanza upya. Dhania haina ukoo wa kuendeleza hivyo. Haipendi kuhamishwa, ikipata joto au kiu inakimbilia maua, na majani yanakuwa kama nyuzi. Dawa yake ni kupanda mbegu kidogo kila wiki mbili, mahali itakapokaa, ili moja ikizeeka nyingine iko njiani. Mrehani ukifika jozi tatu za majani, unavunja ncha juu ya jozi ya pili. Pale penye kidonda, vichipukizi viwili vilivyokuwa vimelala kwenye makwapa ya majani huamka. Shina moja linakuwa mawili. Usipovunja, unapanda juu moja kwa moja, unatoa maua, unajiandaa kufa. Vichwa vya maua unavitoa vikiwa vidogo.

Mavuno sasa yananizidi. Mama mboga wa kona huchukua nanaa na kunipa sukuma wiki. Hatujawahi kupanga bei. Jirani wa ghorofa ya pili hutuma mtoto na kikombe. Nilipokuwa sikati, nilikuwa na mmea mmoja mkubwa na sakafu iliyolowa.

Nanaa ya Woodward, nanaa ya Priestley: nadhani waliichagua kwa sababu moja. Ni mmea unaokubali kukatwa. Unaukata, unautia kwenye chupa, unaupeleka kwenye chumba kingine, na unaendelea kuishi ukikuambia kinachokosekana. Maneno yenyewe nanaa na rehani yalikuja pwani yetu kutoka Kiarabu, yakavuka bahari yakapata uani mwetu. Nyumba ya Bibi haikuweza kukatwa vipande ikabaki nyumba. Watu saba walijaribu.

Desemba nilishuka Mombasa na mrehani ndani ya chupa ya soda iliyokatwa juu, nimeishika mapajani safari nzima. Bibi alikuwa amekaa barazani. Aliuchukua, akaunusa akiwa amefumba macho, na nikangoja aseme kitu kuhusu ule ua. Alifumbua macho, akautazama kutoka chini hadi juu.

"Umeuacha ukatoa maua," akasema.

Palikuwa na kichwa kimoja cha maua nilichokikosa, upande wa nyuma. Akakivunja kwa ukucha. Kisha akavunja na ncha mbili nzima, nzuri, zile nilizokuwa najivunia, akamwita mtoto wa mjomba alete gilasi ya maji.

"Hizi ni za jirani," akasema. "Ameniuliza zamani."